Plagi Pana na Plagi Bapa

Kila asubuhi Hidaya alifungua duka lake la kupiga chapa mjini Machakos, akafagia, kisha akawasha kompyuta. Watu walimletea barua za kuomba kazi, programu za mazishi na mitihani ya shule.

Mteja aliyempenda zaidi ni Mukai, mkunga mzee kutoka Masii. Macho ya Mukai yalikuwa hayaoni tena. Kila alipoletwa mjini kliniki, alipitia dukani, akaketi karibu na Hidaya na kusimulia. Alisimulia habari za mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa mto uliofurika. Alisimulia habari za mama aliyejifungua mwaka wa njaa bila hata kikombe cha uji. Hidaya alimwita susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya, na aliandika kila neno. Mukai alitaka wajukuu zake waje wasome.

Mwaka 2007 diski ya kompyuta ilijaa. Ismael, mume wa Hidaya, alifanya kazi kiwandani Mavoko. Alinunua diski mpya Nairobi, akaifungua kompyuta, akakwama. Nyaya za umeme ndani yake ziliishia kwenye plagi pana, nyeupe, zenye matundu manne. Mdomo wa diski mpya ulikuwa mwembamba na bapa.

"Haiingii," Hidaya alisema. "Si tuulize mwalimu Nthenya? Hiyo ndiyo kazi yake."

"Mambo ya kompyuta niachie mimi, Mama Nuha," Ismael alijibu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Kesho yake Ismael alirudi na waya mfupi alionunua kando ya barabara pale Kyumbi. Upande mmoja ulikuwa na tundu la plagi pana. Upande wa pili ulikuwa na plagi bapa. Aliunganisha, na diski ikafanya kazi. Hidaya alihamishia kazi zake zote huko, pamoja na simulizi za Mukai. Kisha akazifuta kwenye diski ya zamani na kuanza kuweka picha za wateja mahali pake.

Baada ya siku kadhaa, alianza kusikia harufu kama ya kijiko cha plastiki kilichosahauliwa karibu na jiko. Alimwambia mumewe.

"Hiyo ni vumbi tu," Ismael alijibu bila kuinua macho. "Wewe kazi yako ni kuandika."

Hidaya aliendelea na kazi.

Alhamisi moja moshi ulitoka nyuma ya kompyuta. Hidaya alizima swichi ukutani, akachomoa waya, akawatoa wateja nje. Hakumwaga maji. Moshi ulipoisha, alienda kumwita Nthenya, jirani yao aliyefundisha ufundi wa kompyuta katika chuo kimoja mjini.

Nthenya alifungua kompyuta. Plagi bapa ilikuwa imeyeyuka na kugandamana na diski. Alizibeba diski zote mbili, mpya na ya zamani, hadi chuoni akazijaribu kwa mashine nyingine. Jioni alirudi nazo mkononi.

"Mpya imekufa, Mama Nuha. Na zile kazi ulizofuta kwenye ya zamani, nimezitafuta. Picha zimeandikwa juu yake."

Ismael alipofika nyumbani, Hidaya alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilikuambia kuna harufu," alisema. "Ukaniambia nikaandike. Nimeandika nini sasa? Nionyeshe."

"Ni yule mtu wa Kyumbi. Kesho nitamshika shati."

"Mshike. Lakini si yeye niliyemwambia. Ni wewe."

Nthenya aliweka ule waya ulioungua mezani. Yeye pia alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Kila wiki naletewa kama huu," alisema. "Angalieni. Waya wa njano unabeba umeme mkubwa kuliko mwekundu. Hapa kwa plagi bapa nyaya zimezibwa pamoja na plastiki iliyoyeyushwa. Zimepangwa ovyo, zinakaribiana. Plastiki ikipata joto, waya unagusa mwenzake. Umeme wa njano unaingia kwa mwekundu, na diski inaungua. Nyumba pia inaweza kuungua."

"Kwa hivyo plagi pana ni mbaya?" Ismael aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Imetumika miaka mingi vizuri. Feni zingine bado zinaitumia, na deki za CD za zamani. Haitapotea leo. Lakini diski zinazokuja sasa karibu zote ni za plagi bapa. Mbele huko, pawa saplai, vile visanduku vya kugawa umeme ndani ya kompyuta, zitakuja na plagi pana moja au mbili tu."

"Sasa mtu afanye nini?" Hidaya aliuliza.

"Kabla ya kununua kitu, fungua kompyuta uangalie plagi ni za aina gani. Kama haina bapa, nunua pawa saplai iliyo na plagi bapa zake yenyewe, inayoingiana na bodi kuu ya kompyuta yako. Usilazimishe kitu kuingia. Ukisikia harufu, zima, usingoje. Na kazi ya maana isikae mahali pamoja."

Hidaya alilia hapo, kwa hasira ya kujikumbuka akifuta.

Jumamosi mume na mke walienda Masii. Ismael ndiye aliyesema, kwa sababu Hidaya alikataa kumsemea. Mukai alisikiliza hadi mwisho.

"Ile nakala ya kwanza, nani aliifuta?" aliuliza.

"Ni mimi, susu," Hidaya alisema.

"Nilitoa mambo hayo tumboni. Mengine yaliniuma. Mnataka niyatoe tena kama maji ya bomba?" Akageuza uso. "Nendeni nyumbani."

Nthenya alimsaidia Ismael kuchagua pawa saplai nyingine, na Ismael akasimama kando huku Hidaya akiifunga kwa mikono yake mwenyewe. Plagi bapa iliingia bila kusukumwa. Harufu haikurudi tena. Hidaya akawa ananakili kila kazi kwenye CD, na CD zikakaa nyumbani, mbali na duka. Wateja wakiuliza kuhusu diski, Ismael aliwaambia kwanza wafungue waangalie plagi.

Mvua zilikuja, zikaisha. Siku moja Mukai alisikika mlangoni akimfokea mtu amwachilie mkono. Aliketi mahali pake.

"Yule wa mto nilishamsema. Simsemi tena," alisema. "Leo andika mwingine."

Alisimulia hadi saa ya kufunga. Hidaya alinakili kazi kwenye CD, kisha akachapisha karatasi na kumpa mkononi. Mukai alizipapasa moja moja, akazikunja mwenyewe na kuzitia kifuani.

"Hizi," alisema, "hata mume wako hawezi kuzichoma."