Zamu ya Wifi

Fundi wa nguo alimwonea wivu wifi yake, dada wa mumewe, tena wivu wa kumkosesha usingizi. Wote wawili walitibiwa zahanati moja. Fundi alikuwa na presha, wifi alikuwa na sukari. Fundi akienda, alikaa kwenye benchi mpaka kiuno kikauma. Wifi akienda, alirudi kabla maharage hayajaiva.

"Ana mtu wake ndani," fundi alimwambia mumewe. "Bure bure haiwezekani."

"Si umuulize?"

"Nimuulize mimi? Ili azidi kuringa?"

Roho ilimuuma kwelikweli. Kwa kuchukia foleni, aliacha kwenda kliniki. Sasa kichwa kilimgonga kila alipoinamia cherehani.

Siku moja wifi aliacha simu yake kwa fundi ipate chaji. Ujumbe ukaingia. Zahanati ilimkumbusha wifi miadi ya kesho, pamoja na namba yake ya mgonjwa. Fundi akatazama mlangoni, kisha akajitumia ujumbe ule.

"Kesho na mimi nitaringa," akasema.

Na kweli aliringa. Karani wa mapokezi aliingiza namba kwenye kompyuta, akamwonyesha mlango. Fundi aliwapita watu wa benchi bila hata salamu.

Ndani, muuguzi alisoma faili kwenye kompyuta. "Sukari yako bado iko juu. Leo daktari ameongeza dozi ya sindano. Kwanza nitajie jina lako na mwaka wa kuzaliwa."

Fundi akageukia mlango. Nje, sauti ya wifi ilisikika. "Nimeshaingia vipi? Mimi ndiyo kwanza nafika!"

"Namba ni ya huyo wa nje," fundi alisema, macho chini. "Ni wifi yangu. Mimi sina sukari, nina presha."

Muuguzi akaiweka sindano mbali. "Mama, namba hii inafungua faili la mwenyewe. Ningekuchoma dawa yake, sukari yako ingeshuka, ukazimia. Namba ya mgonjwa haiazimwi."

Alimpima presha, akatikisa kichwa. Ilikuwa juu mno. Kisha akamwita wifi.

"Nimeiba zamu yako," fundi alimwambia. "Ni kijicho tu, wifi. Nisamehe."

Wifi alifura kwa hasira. "Na mimi ningekosa dawa! Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi naomba miadi kwa simu. Ungeniuliza tu, ningekufundisha."

Muuguzi alimhudumia wifi. Fundi naye alionwa na daktari, akapewa dawa. Kisha muuguzi akamwandikisha miadi kwa simu ya fundi mwenyewe.

"Hata simu ya batani inafaa," alisema. "Unachagua siku, unapata namba yako. Usimpe mtu. Usipoelewa dawa, uliza. Lakini kifua kikibana, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usisubiri miadi. Njoo hapo hapo."

Wifi alinuna njia nzima. Walipofika nyumbani alivuta kigoda. "Lete simu," alisema. Akamwonyesha tena, polepole, mpaka fundi akaomba miadi kwa kidole chake mwenyewe.

Tangu hapo fundi hakukosa kliniki. Presha ikashuka, kichwa kikatulia. Siku moja, alipotoka kliniki, zahanati ilimtumia ujumbe kuuliza kama ameridhika na huduma.

Aliandika herufi moja moja: "Nimeridhika. Leo nimetibiwa kwa jina langu."