Tusiingoje Kwaya Ife

Novemba, kijijini kwetu Soosalu, huku kaskazini kwenye baridi, kunachelewa kupambazuka. Helve aliamka gizani, akawasha jiko, akamwekea mjukuu wake Leelo uji na mkate mweusi. Leelo alikula bila neno. Ana miaka kumi na minne. Tangu mama yake aende Ufini kwa meli kufanya usafi hotelini, mwaka mzima sasa, hujibu kwa kichwa tu. Mama akipiga simu, yeye hutoka nje. Sauti yake husikika Alhamisi peke yake, kwenye kwaya ya vijana katika ukumbi wa kijiji.

Alhamisi hiyo alirudi mapema, akajilaza na viatu vyake miguuni. Helve aliogopa.

Kesho yake alikwenda kumuuliza Vaike, mkutubi wetu, ambaye pia ni katibu wa chama cha kijiji. Vaike hakumficha. Mwenye kiwanda cha mbao, aliyekuwa akilipia kwaya kila kitu, amefunga kiwanda akahama. Mwalimu wa kwaya hutoka mjini, kilomita arobaini, kwa petroli ya mfukoni mwake. Kuni za ukumbi zimekwisha. Krismasi kwaya itavunjwa.

Helve akasema wazazi watoe.

"Wazazi gani, mama?" Vaike alisema. "Nusu yao wako huko aliko binti yako. Lakini kijiji kizima tukitoa euro mbili mbili kila mwezi, petroli na kuni zitapatikana."

"Euro mbili? Nikazitoe mbele za watu wanicheke? Bora nisitoe kabisa."

Msimlaumu. Soosalu ndivyo tulivyo. Asiyeweza kutoa kikubwa hujifungia ndani, na kiburi hicho tunakiita heshima.

"Mzee Kalju alipokufa, ulichanga ngapi za shada la maua?" Vaike aliuliza.

"Mbili."

"Uliona aibu?"

"Kila mtu alitoa mbili, mwanangu. Na yule alikuwa amekufa."

"Basi tungoje kwaya nayo ife, ndipo tuichangie?"

Helve akafungua pochi.

Vaike alifanya vilevile tunavyofanya kwa mashada ya wafu. Alipita nyumba kwa nyumba na bahasha. Aliandika majina bila kiasi, asiaibike mtu. Fedha zilitunzwa na watu wawili, si mmoja. Kila mwisho wa mwezi alibandika karatasi mlangoni pa ukumbi: petroli kiasi hiki, kuni kiasi hiki. Asiye na pesa alileta kuni. Wapo waliokataa, wakasema kijiji kinakufa, kwaya ya nini. Hatukugombana nao. Walipoisoma ile karatasi, wawili kati yao walikuja wenyewe.

Krismasi ilipita, kwaya haikuvunjwa. Mazoezi ni kila Alhamisi, na ukumbi una moto.

Jumapili moja ya Februari mama yake Leelo alipiga simu. Helve alimsubiri mtoto atoke nje kama kawaida yake. Leelo akaichukua simu. Hakusalimu. Aliimba sehemu yake yote ya wimbo wa kwaya, mwanzo hadi mwisho, amesimama karibu na jiko.

Huko Ufini mama alikuwa analia. Alisema sauti ya mwanawe imebadilika, asingeitambua.

"Wewe unarudi lini?" Leelo aliuliza.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama yake tangu meli ilipomchukua.