Bi Fusae Anapima Tena

Foleni ya wazee ilianzia mlangoni pa duka la dawa, ikapita duka la viatu, ikaenda kuziba njia mbele ya muuza chai, na kila mzee alikuwa amekumbatia mfuko wenye mashine yake ya presha. Tangazo la duka lilisema: lete mashine yako ya nyumbani, tuilinganishe na yetu tuone kama inasema kweli, bure. Na hapa Sendai, Japani, ukitaja neno bure mbele ya bibi wa miaka themanini, usisimame njiani.

Mvua ya Juni ilikuwa inapiga paa la barabara ya maduka, na chini ya paa hilo Chizuru alikuwa anafunga na kufungua mikanda ya mikononi tangu asubuhi. Alikuwa na miaka thelathini na sita, koti jeupe limenyooshwa likanyooka, kibanio cha rangi ya chungwa nyweleni, na raba za kijani ambazo bosi wake alizichukia. Alipoinua macho kumwita mwingine, alikuta si mzee. Ni mwanamume wa umri wake, shati la bluu limekunjwa mikono, ananukia moshi wa samaki.

"Wewe baba," bibi mmoja nyuma yake alimwuliza, "umekuja kupima au kuposa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mwanamume hakucheka. Alitoa mashine kwenye kitambaa cha hariri kama mtu anayetoa kitu cha marehemu, na kumbe ndivyo ilivyokuwa.

Chizuru alimkalisha, akamwacha atulie. Akampima kwa mashine ya duka, akangoja, akampima kwa ile yake, kisha akarudia.

"Mia na ishirini na nne hapa, mia na ishirini na tatu hapo. Nzima kabisa, kaka."

"Pima tena."

Akapima tena. Ikawa ile ile. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Huyu alikaa pale, rangi imemtoka.

"Ulitaka iwe mbovu?" Chizuru alimwuliza polepole.

"Ndiyo, dada. Ilikuwa ya mama yangu. Daktari akimpima anakuta mia na sitini na kitu. Nyumbani mia na arobaini haifiki. Nikamwambia, mama, hiyo ni hofu ya kuona koti jeupe la daktari tu, usijisumbue kurudi kule. Februari akaanguka jikoni, mshipa umepasuka kichwani. Kama mashine haidanganyi, basi mama ndiye alikuwa ananidanganya. Alikuwa ananitajia namba za uongo."

Jina lake Yasutaka. Alikuwa na kibanda cha samaki wa kusagwa wanaobanikwa kwenye kijiti, mitaa miwili kutoka pale. Kesho yake alileta vijiti vitano vya moto, akasema ni vya shukrani. Keshokutwa akaleta vingine, na safari hii hakutafuta kisingizio.

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa samaki na simu.

"Mama Presha, umelala?"

"Niite hivyo tena nikukatie simu."

"Basi, Daktari wangu."

"Mimi si daktari. Mimi ni muuza dawa mwenye njaa. Kesho unaleta nini?"

Walitembea chini ya mwavuli mmoja, wakala tambi kwenye kaunta nyembamba, wakachekana. Lakini Chizuru aliona kwamba Yasutaka hamtaji mama yake ila kwa kulalamika. Hakuwa anamwashia ubani. "Niwashe ili nimwambie nini?" alisema. "Mtu aliyeficha ugonjwa wake kwa mwanawe mwenyewe?" Uchungu ule ulikuwa unamla, na Chizuru alikuwa ameshampenda kiasi cha kuumia naye.

Siku moja alfajiri simu ililia. Yasutaka alikuwa ananong'ona.

"Chizuru, sikiliza. Usiseme kitu."

Akasikia. Vuuu, ule mlio wa mashine kujaza upepo mkanda. Kisha kimya kidogo, kisha pshii, upepo unatoka. Kabla haujaisha, vuuu tena, unaanza upya.

"Unapima alfajiri yote hii?"

"Mimi niko jikoni. Mashine iko chumba chenye kabati la kuwakumbuka wafu. Kila asubuhi saa hizi hizi, mama alipokuwa anapima."

"Toa betri, mpenzi."

"Betri ninazo mkononi."

Nywele zilimsimama Chizuru. Vuuu, ikaanza tena. Alikaa kitandani ameishika simu kwa mikono miwili.

Jumapili alikwenda kwake. Alivaa gauni la bluu lenye maua madogo, akabeba matikiti maji, akajipa moyo. Kwao, mgeni akiingia nyumbani kwa watu huwasalimia kwanza waliokufa. Yasutaka alimpeleka chumba cha mikeka, kwenye kabati jeusi la marehemu lenye milango iliyofunguliwa. Picha ya baba ndani, Mzee Eikichi, mpole mwenye masikio makubwa. Picha ya mama, Bi Fusae, pembeni. Na juu ya ubao wa mbele, mahali pa kuwekea wali na chai ya wafu, mashine ya presha.

"Mbona umeiweka hapo?"

"Ndipo kwake. Alikuwa anampa baba chai, anagonga kengele, kisha anapima hapo hapo. Baba alikuwa mtu wa wasiwasi. Mama alitaka azione namba mwenyewe."

Chizuru alipiga magoti, akakalia visigino, akawasha ubani, akanyoosha mkono kuuweka ubaoni. Mkono ulipanda. Ulipita usawa wa moyo, ukafika usawa wa bega, na bado ubao ulikuwa juu. Akabaki hivyo, mkono hewani, moshi wa ubani unampanda usoni.

"Niletee betri," alisema.

Alifunga mkanda, akaweka mkono ubaoni. Tisini na nane. Akaushusha mkono kwenye kiti kidogo, usawa wa moyo. Mia na kumi na saba.

"Yasutaka, hakukudanganya. Mkono wake ulikuwa juu. Mkono ukiwa juu ya moyo, presha inasomeka chini ya ilivyo. Namba alizokutajia ndizo alizoziona. Mia na sitini za daktari ndizo zilikuwa zake."

Alidhani anampa zawadi. Kumbe amemchoma kisu.

"Kwa hiyo kosa ni lake?"

"Sijasema hivyo. Maelezo yanasema mkono uwe usawa wa moyo, labda..."

"Moyo wake ulikuwa pale!" Yasutaka alionyesha picha ya baba yake. "Mnawauzia wazee mashine na karatasi ya maandishi madogo. Nani alimwambia asipimie mbele ya mume wake? Nani? Na mimi tangu Februari namwita mwongo. Toka, Chizuru. Tafadhali toka."

Alitoka. Akapiga simu kesho yake, haikupokewa. Akapiga tena, wapi. Alipita kibandani, akamkuta msaidizi: "Bosi anaumwa." Julai ikaisha hivyo. Nyumbani kwake Chizuru alianza kuamka alfajiri bila kuamshwa, akatega sikio gizani, akisubiri vuuu ambayo haikuwepo. Nafsi ilimsuta. Mtu wa kazi yake, wazee wangapi amewaambia mashine ni nzima bila kuwauliza wanaiweka wapi?

Ikafika Agosti, siku ambazo wafu hurudi kulala nyumbani. Kwenye nyumba iliyofiwa mwaka ule hutundikwa taa nyeupe mlangoni, marehemu mpya asipotee njia. Asubuhi ya kwanza, simu.

"Amekuja." Sauti ya Yasutaka ilikuwa imekauka. "Nimemwashia taa jana, ameingia, na tangu aingie hapumziki. Anapima, anarudia, anapima, anarudia. Naogopa, Chizuru. Najua nilikufukuza. Njoo."

Alikwenda na raba zake za kijani, amebeba kimeza cha kukunja mgongoni. Mlio aliusikia tangu mlangoni, chini ya taa nyeupe. Vuuu, pshii. Vuuu. Kabati lilikuwa limepambwa, farasi wa tango, kipando cha wafu wanaorudi, yuko mbele ya picha, na mashine ubaoni inahema peke yake, kioo chake cheusi.

Aliingia.

"Watu hurudia kupima wasipoamini jibu," alisema. "Mama hajui kwa nini alikufa. Hakuna aliyemwambia. Mwambie wewe."

Akakunjua kimeza mbele ya kabati, akaishusha mashine kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto.

Yasutaka alipiga magoti. Kisha akawasha ubani, wa kwanza tangu mazishi.

"Mama. Namba zako za kweli zilikuwa juu. Ubao ndio uliotudanganya. Hukuniongopea hata siku moja, na mimi nikakuita mwongo mbele ya baba. Na mimi ndiye niliyekwambia usirudi kwa daktari. Ni mimi, Mama. Nisamehe."

Vuuu. Ikajaza polepole, ikafika mwisho, ikatulia. Kisha upepo ukatoka wote, kwa muda mrefu, mpaka ukaisha.

Walingoja. Haikuanza tena. Nje panzi wa kiangazi walianza kelele zao, na Yasutaka akalia kwa sauti, kama mtoto, kichwa mapajani mwa Chizuru.

Jua lilipopanda, Chizuru alitia betri. "Lete mkono. Nikupime kabla hujafa na wewe."

Mia na arobaini na sita.

"Mungu wangu! Unaogopa nini tena?"

"Nataka kukuomba ukae hapa kila asubuhi."

"Unaposa, au unatafuta mpimaji?"

"Naposa."

Chizuru aliziangalia zile picha mbili, masikio makubwa ya baba na tabasamu la mama.

"Nimekubali," alisema. "Haya, tulia, usiongee. Tunapima upya."

Wakanyamaza wote. Mia na ishirini na nne.

"Baba na Mama wameona?" Yasutaka aliuliza.

Chizuru aliiacha mashine pale pale chini, usawa wa moyo, akaigeuza tu, kioo kikaelekea kabatini.