Mkono Unaopenda Kutazamwa

Kilichomshangaza mhakiki kwanza ni kwamba ule mkono haukutaka kumwachia.

Alikuwa amemaliza kazi. Fundi seremala, aliyepooza upande wa kulia miezi minane nyuma, alikuwa amefunga vifungo sita vya shati, amemimina maji kwenye glasi bila kudondosha tone, na ameokota punje za maharage mezani moja moja, kama kuku mwenye adabu. Mhakiki alitia alama kwenye fomu, na kwa kuwa hata yeye alikuwa na siku zake za ukarimu, akasema, "Hongera, fundi. Una mkono hodari," akampa mkono. Mkono wa fundi ukaushika wake, ukaubana, ukatulia humo kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Ulikuwa wa baridi, na ulinuka sarafu iliyolowa. Juu yake, uso wa fundi ulikuwa unalia.

"Machozi ya furaha," alisema mhakiki, akiuchomoa wake.

"Si ya furaha," mke wa fundi alimnong'oneza mlangoni. "Dada, nisikilize. Mbele yenu huo mkono unafanya yote. Mkiondoka unamkaba. Juzi umemmwagia chai ya moto mapajani, mwenyewe anautazama tu. Tupeni msaidizi. Mtu wa kukaa naye, hata asifanye kitu."

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

Kazi yake ilikuwa kuhakiki tiba ya kazi, ile inayomfundisha upya mtu aliyepooza kushika kijiko, kuvaa suruali, kuishi nyumbani kwake bila kuaibika. Madaktari waliomba, familia zililia, naye alikwenda kutazama kama ni kweli. Ofisini walimwita Bi Mkasi, maana hakuna aliyekata maombi kama yeye. Alikuwa na shahada mbili na hakuwa na subira na maigizo. Katika miaka kumi na moja alishaona vilema waliosahau mguu upi ndio mbovu, na wajane wenye waume. Akaandika: Anajiweza. Msaidizi hahitajiki. Akatia sahihi, akaenda kumlisha mama yake.

Walikuwa wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili. Kiharusi kilikuwa kimempokonya mama miguu, mikono, na maneno yote isipokuwa moja: sawa. Njaa ilikuwa sawa, maumivu yalikuwa sawa, na alipotaka kukataa kitu alisema sawa huku macho yakikataa. Mchana jirani alikuja kumchungulia na kumlisha. Jioni alikuwa wa binti yake, na binti alimpenda kwa namna ya watu wasiopenda kuonekana wanapenda, yaani kwa supu isiyo na mabonge, iliyopozwa kwa kupulizwa.

Jioni ile kijiko kilisimama upana wa kidole kabla ya kufika mdomoni. Mama akapanua mdomo zaidi. Kijiko kikarudi nyuma kidogo. Mama akanyoosha shingo, ile shingo ya kizee yenye mishipa kama kamba, na kijiko kikarudi tena, polepole, kama mtu anayemtania mtoto kwa pipi.

"Nimechoka," Bi Mkasi alijisemea, akatumia mkono wa kushoto.

Kesho yake na wa kushoto ulikuwa umeujua mchezo.

Siku ya tatu vidole vilianza kugonga ukingo wa bakuli, ta-ta-ta, ta-ta-ta, kama mteja anayechoka kusubiri kaunta, na harufu ya sarafu iliyolowa ikajaa chumbani. Siku ya tano vikamfinya mama kwapani, mahali ambapo mgeni hatazami, na Bi Mkasi akawa amesimama nyuma ya mikono yake mwenyewe kama abiria, akiiamuru iache, akiisihi, akiiuma kwa meno mpaka damu ikatoka na maumivu akayasikia yeye huku mikono isisikie chochote, ikaendelea kuikusanya ngozi ile nyembamba kati ya kidole gumba na cha shahada, ikaikunja taratibu kama barua, na mama akimtazama binti usoni, si mikononi, kwa mshangao wa mzazi, akisema sawa, sawa, sawa, mpaka jirani alipopiga hodi kuomba kiberiti, na hapohapo, kabla kitasa hakijageuka, mikono ikachukua kijiko na kumlisha mama kwa upole ambao Bi Mkasi hajawahi kuwa nao maishani mwake.

Jirani alisimama mlangoni akitikisa kichwa. "Mama kapata binti," alisema. "Wangu mimi watanitupia mkate kupitia dirishani."

"Jirani, kaa. Kaa tule wote."

"Nina sufuria jikoni, shoga."

Mikono ikampa kiberiti, ikamfungulia mlango.

Bi Mkasi alijaribu kuweka simu mezani irekodi. Mikono ikailaza kifudifudi, na kabla ya hapo ikapangusa meza isije ikachubuka kioo. Alijaribu kukimbilia nje. Mikono ikashika fremu ya mlango, mmoja huku na mwingine kule, ikamrudisha ndani. Asubuhi, ofisini, palipojaa macho, ilichapa barua zake bila kosa. Ndipo alipompigia mke wa fundi.

"Tangu siku ile uliyompa mkono, wake hausogei," mwanamke alisema, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Umelala kama gogo. Anapata usingizi sasa, dada. Nilitaka hata nije kukushukuru." Kisha akanong'ona: "Kwani wewe unaishi na nani?"

"Na mama yangu."

Mwanamke alikata simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Alipotoka kazini alimwendea mkunga mstaafu aliyesifika kwa kuzungumza na wasioonekana, naye hakuchoma kitu wala hakuimba. Alivaa miwani, akamwambia aweke mikono mezani, akaigeuzageuza kama anayechagua samaki.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Jini wa maringo."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu. Wanaotaka kitu ni rahisi, mwanangu, unawapa wanakwenda zao. Huyu anapenda kusifiwa mbele za watu na kutesa nyuma yao. Niliwahi kuolewa na wa hivyo, tena binadamu."

Bi Mkasi hakucheka. "Nimtoeje?"

"Akitazamwa hawezi kutesa, na asipotesa hali chakula. Siku arobaini mfululizo, mchana na usiku, awepo nyumbani kwako mtu mzima mwenye macho na ulimi. Atakufa njaa. Wewe huhesabiki, umepandwa naye. Mama yako hahesabiki, hawezi kusema."

Mikono ikammiminia mkunga chai, ikamkorogea sukari.

Mtu wa mchana na usiku, siku arobaini. Ndugu hawakuwa nao, na kumwajiri kwa mshahara wake ilikuwa ndoto ya mchana. Palikuwa na mahali pamoja tu panapotoa wasaidizi wa namna hiyo, na yeye alikuwa na meza huko. Akajaza maombi kwa jina la mama yake. Kanuni aliijua, maana ndiye aliyeipigania: mgonjwa mwenye mlezi anayejiweza hapewi msaidizi. Ilibidi aonekane hawezi.

Alitumwa mhakiki mdogo, binti aliyefunzwa na Bi Mkasi mwenyewe. Alifika saa nne asubuhi na mkoba wake: shati, glasi, maharage.

Bi Mkasi alijitahidi kumwaga maji kwa nguvu zake zote. Hakuna tone lililodondoka. Mikono ilifunga vifungo, ikaokota maharage, ikayapanga kwa mistari. Ilipoambiwa imlishe mama, ilimfunga kitambaa shingoni, ikaonja joto la supu kwenye kiganja, ikainua kichwa cha mama kama inayoinua yai. Mama alimeza. Macho yake, juu ya kijiko, yalimganda mgeni.

"Mama, binti yako anakulisha vizuri?"

"Sawa," alisema mama. "Sawa. Sawa. Sawa sawa sawa sawa..."

"Haya mama, nimekusikia," alisema mhakiki mdogo, akijifuta jicho.

"Hujamsikia," alisema Bi Mkasi. "Hana neno jingine. Mtazame macho. Si mimi ninayemlisha. Ukitoka tu, itaanza. Mfunue kwapani uone."

Mhakiki mdogo alimfunua. Ngozi ilikuwa safi. Ilikuwa zaidi ya wiki mbili mikono haijafinya. Ilikuwa imegundua kubana pua na kuziba mdomo, jambo ambalo haliachi alama, na vidole vilivyobaki vilikuwa vikihesabu shavuni, ta-ta-ta, vikiongeza muda kidogo kila siku.

"Dada," alisema mhakiki mdogo kwa upole, "wewe ndiye uliyenifundisha. Usiandike unachoambiwa, andika unachokiona."

"Nilikosea."

"Umechoka, hilo naliona. Na nimeshazungumza na mkuu wa kitengo." Akatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. "Msaidizi hapana, kanuni unaijua. Lakini umepewa likizo, kuanzia leo. Mwezi mzima. Ukae nyumbani na mama."

Bi Mkasi akasema, "Kaa. Kaa hata mpaka saa sita. Nakuomba, mdogo wangu."

"Nina nyumba tatu leo."

Mikono ikamkusanyia maharage mkobani, ikamnyooshea kola, ikamfungulia mlango. Alipofika njiani aligeuka, akapunga. Mikono ikampungia. Alisikika akimwambia jirani ng'ambo ya ukuta kwamba hana haja ya kujisumbua tena mchana, binti yupo, na jirani akishukuru.

Ufunguo ulizungushwa mara mbili. Kitandani, mama aliusikia. Akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko ya jana, akaishikilia.