Kilima cha Mama Vijiti

Mimi ni fundi viatu. Mke wangu ni mshonaji. Tunafanya kazi chumba kimoja, cherehani yake dirishani na nyundo yangu mlangoni. Nyuma ya nyumba kuna kilima. Zamani kilikuwa na kipara kama mimi.

Kila mvua iliponyesha, udongo uliteremka. Mwaka mmoja ulipasua ukuta, ukaingia hadi kitandani.

"Ukiingia tena, tunahama," nilimwambia mke wangu.

Asubuhi akaniambia, "Nimeota nasikia majani juu ya paa. Mengi sana. Nitapanda miti."

Hakuna mtu mtaani aliyewahi kupanda mti. Alipanda miche arobaini kilimani, ikakauka. Akapanda mingine, ikakauka pia, vikabaki vijiti. Watu wakamwita Mama Vijiti. Hata mimi nilicheka, na leo naona aibu.

Ndipo akamwita bibi shamba, mtaalamu wa miche. Mgeni aling'oa kijiti kimoja. Mizizi ilikuwa imejiviringisha ndani ya mfuko wa plastiki.

"Dada, mbona hukutoa mfuko?"

"Niliona mche bado mchanga. Niliuonea huruma."

Bibi shamba akatabasamu. "Huruma yako imeufunga miguu. Pasua mfuko, lakini udongo wake usimwagike. Panda mvua zikianza. Funika udongo kwa majani makavu, utunze unyevu. Na mistari ya miti ikate mteremko, maji yasikimbie."

"Mara ya tatu hii," nilimwambia mke wangu. "Utachoka."

"Nikichoka nitakaa. Halafu nitaendelea."

Mvua zilipoanza, alichukua mkasi wake wa nguo. Alipasua mifuko taratibu, kama anayefumua mshono. Safari hii miche ilishika. Akapanda kila mwaka, miaka kumi na miwili. Majirani waliomcheka wakaja kuomba miche, naye akawafundisha bila kinyongo. Sasa mwenye kipara hapa ni mimi peke yangu.

Leo mchana imenyesha mvua kubwa. Kwa mazoea nilishika koleo, nikasimama mlangoni kungoja udongo. Haukuja. Tulisikia majani tu juu ya paa, mengi, yakivuma polepole.

Mke wangu akasimamisha cherehani.

"Ndiyo ile sauti," akasema.

Nikaweka koleo chini, nikachukua mkasi wake, nikaanza kuunoa. Kesho ana miche ya kupanda.