Waya Uliopita Motoni

Katika shamba la kondoo la Yarran, magharibi mwa Queensland, kilichovunjika kilifungwa kwa waya na kikaendelea na kazi. Ndoo zilikuwa na vishikio vya waya. Lango lilizunguka kwa waya. Bomba la moshi la lori lilining'inia kwa waya, na asubuhi hiyo ya Jumamosi mkate ulikuwa ukikauka juu ya makaa kwenye wavu wa waya uliosukwa na Clem Pascoe mwenyewe.

"Waya ukiisha duniani," mama alisema akigeuza nyama kikaangoni, "nyumba hii itatuangukia, na Clem atabaki nje ameshika koleo."

"Na koleo lenyewe nimelifunga kwa waya," Clem akajibu, wakacheka. Kisha akamgeukia binti yake. "Neri, kague uzio mpaka kijitoni. Chukua lile bunda jipya la waya. Ukikuta shimo, ziba. Likikushinda, uniambie."

"Sawa, Baba."

Nerida alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na uzio ulikuwa kazi yake ya kila Jumamosi. Ulikuwa wavu wa waya uliompita mtu kimo, umefukiwa chini ili dingo wasipenye. Dingo, mbwa mwitu wa nchi ile, akiingia kwenye kondoo hali mmoja akashiba. Anararua huyu, anamwacha, anamrukia yule.

Tatizo ni kwamba bunda jipya halikuwepo. Nerida alikuwa ameutumia waya wote kusukia tundu la kasuku, kubwa, lenye roshani, ili alipeleke kwenye maonyesho ya mji. Aliona haya kusema. Akazunguka nyuma ya banda, mahali walipochomea marobota ya majani yaliyooza, akachomoa majivuni vipande vya waya vilivyobaki.

Waya uliopita motoni huwa mweusi na laini, unaupinda kwa vidole. Ni mzuri kwa kufungia miche ya nyanya. Uzioni haufai, na mtoto yeyote wa nchi ile anajua hivyo. Nerida naye alijua.

Karibu na kijito alikuta nguruwe mwitu amefukua chini ya wavu na kuupasua. Aliuvuta wavu, akaushona kwa ule waya mweusi, akaweka mawe mawili, akapanda farasi wake.

"Uzio vipi?" baba aliuliza jioni.

"Mzima, Baba."

Jumatatu alfajiri aliamshwa na sauti ya baba yake akitukana. Alitoka nje na viatu mkononi, akamfuata mpaka malishoni, na huko akasimama.

Kondoo walikuwa wametapakaa kama nguo zilizoanuliwa na upepo. Wengine walikuwa wamekufa, koo wazi. Wengine walikuwa wangali wanapumua, matumbo yakiburuta vumbini. Jike mmoja alijaribu kusimama kwa miguu miwili ya mbele, akaanguka, akajaribu tena. Baba alikwenda akampiga risasi kichwani. Akaweka risasi nyingine, akamwendea aliyefuata. Hakumtazama binti yake hata mara moja.

Wakati huo ndipo mbwa alipotokea vichakani akichechemea. Alikuwa Tinka, mbwa wa Alby Dunn, mtoto wa jirani aliyesoma na Nerida. Kifua chake kilikuwa kimelowa damu, na shingoni alikuwa na jeraha lililopasuka vibaya.

"Kumbe ni wewe," Clem alisema polepole. Akamfunga Tinka kwenye nguzo ya lango, akamtuma mkewe kwa lori kuwaita akina Dunn.

Katika nchi ile, mbwa akishaonja kondoo hapewi siku ya pili. Anapigwa risasi siku hiyohiyo, awe wa nani. Ron Dunn, baba yake Alby, alipofika na mwanawe aliitazama damu ya mbwa, akawatazama kondoo, akavua kofia.

"Fanya haraka, Clem," alisema. "Asiteseke."

"Baba!" Alby alipiga kelele. Akamrukia mbwa, akamkumbatia. "Tazama shingo yake! Kondoo ana meno ya hivyo?"

"Amejichana kwenye waya," Clem alisema. "Toka hapo, kijana."

"Sitoki!"

Ron alimshika mwanawe kiunoni akamvuta. Alby alirusha mateke, akamng'ata baba yake mkono, akapigwa kofi lililomwangusha chini. Aliinuka pua ikitoka damu, akamwona Nerida.

"Neri, si unamjua Tinka! Waambie! Umekuwa bubu?"

Nerida aliuona mtutu wa bunduki ukishuka mpaka kwenye paji la uso wa mbwa. Tinka alitikisa mkia, akidhani anachezewa.

"Usipige!" Nerida alijitupa kati ya bunduki na mbwa. Clem aliuinua mtutu ghafla, risasi ikapita juu ya lango.

"Una wazimu?" Clem alifoka. "Ningekuua! Ningekuua, mtoto wewe!"

"Ni dingo, Baba. Kuna shimo kijitoni. Nililiona Jumamosi. Nililishona kwa waya wa majivuni."

"Waya wa majivuni? Na bunda jipya?"

"Nimesukia tundu la kasuku."

Kisha Alby akamwendea, akampiga ngumi ya mdomo. Ron hakumzuia.

"Anaweza kuwa anamtetea mbwa tu," Clem alisema hatimaye. "Tutakwenda kuona. Kama hakuna dalili ya dingo, narudi kummaliza."

Walikwenda wanne, Ron amebeba sururu. Kutoka mbali waliyaona mawe yamesukumwa kando. Waya mweusi ulikuwa umenyooka na kukatika, vipande vyake vikining'inia kama uzi. Na ndani ya shimo kitu kilisogea.

Dingo dume alikuwa amenasa. Alipokuwa anatoka, ncha za wavu uliopasuka zilikuwa zimemshika mguu wa nyuma, na kadiri alivyovuta ndivyo zilivyomzama. Sikio lake moja halikuwepo. Lilikuwa limeng'olewa kwa meno, na damu ilikuwa bado mbichi.

"Tinka huyo!" Alby alisema. "Alipigana naye!"

Clem alisogea apate shabaha nzuri. Akasogea mno. Dingo alijivuta kwa nguvu zake zote, ngozi ya mguu ikachanika, wavu ukamwachia. Alimrukia Clem kabla bunduki haijafika begani, akamkamata mkono, wakaanguka pamoja. Nerida alisikia meno yakigonga mfupa. Bunduki ilitoka mkononi. Ron alinyanyua sururu akapiga mara ya kwanza mbavuni, mnyama hakuachia. Akapiga ya pili kichwani, naye akalegea. Hata alipokufa ilibidi wamfumbue taya kwa koleo.

Ron alichana shati lake akaufunga mkono wa Clem. Damu ilipenya kitambaa, akaongeza kingine.

"Nusura nimuue mbwa wako, Ron," Clem alisema, ameegemea nguzo, uso mweupe.

"Nami nilikwambia fanya haraka. Sote tulikuwa na haraka." Ron alimgeukia Nerida, ambaye mdomo wake ulikuwa umevimba. "Njoo hapa, binti. Utanisikiliza?"

"Nakusikiliza, Bwana Dunn."

"Kusuka tundu ni utoto tu. Kushona kwa waya mbovu ni uvivu, na uvivu tungeutengeneza kwa nusu saa siku ile ile. Lakini uliposema uzio mzima, ulitufanya sote tuache kulinda, tukalala. Kondoo wakafa. Kama ungenyamaza na leo, mbwa aliyewapigania angekufa kwa kosa lako, shimo lingebaki wazi, na dingo wengine wangerudi. Kosa ukilitaja mapema, watu wanakusaidia kulibeba. Ukilificha, linakwenda kuwatafuta wasiokuwemo."

"Nimeelewa, Bwana Dunn. Samahani, Baba."

"Samahani utaimalizia kazini," Clem alisema. "Mizoga yote utaikokota wewe, na kuni za kuichomea utakata wewe. Lakini kwanza shimo."

Mama alileta waya mpya kutoka kwa akina Dunn. Ulikuwa mgumu, ukikataa kupinda, na ulimchana Nerida viganja mpaka koleo likawa linateleza kwa damu. Hakuomba msaada. Baada ya muda Alby alikuja, akaushika wavu upande wa pili, akauvuta ukakaza.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Vuta basi. Hapo pamelegea."