Kona ya Nne

Sindano ilivunjika Jumatano saa kumi na mbili jioni, ikiwa imebaki kona moja tu.

Ilikuwa ya mwisho ndani ya nyumba. Nyanjige alivitazama vile vipande viwili, kisha akalitazama blanketi lililokuwa magotini pake. Juu viraka vya vitenge, chini shuka kuukuu, katikati pamba ya shambani kwake. Kesho alfajiri lilitakiwa kupanda basi la Mwanhuzi. Danford, konda wa basi hilo, alikwisha kubali kulibeba.

Huko Mwanhuzi binti yake, Specioza, alikuwa na mtoto wa siku sita. Mimba mbili za kabla ya huyo ziliharibika.

"Mama, huyu nataka afunikwe na kitu cha mkono wako," alisema kwenye simu.

Nyanjige akawasogeza paka wake wawili waliokuwa wamelalia viraka, Karani na Mwenyekiti, akajifunga kanga, akatoka kwenda dukani kwa Mayala.

"Mayala, nipe sindano."

Mayala alikuwa anapima sukari. Mkono ukasimama hewani.

"Mayu, mama yangu! Jua limezama, na wewe unakitaja kwa jina lake?"

"Basi nipe kile cha kushonea."

"Hata ukikiita mwalimu mkuu sikiuzi. Njoo asubuhi nikupe pakiti nzima."

Mteja mmoja akacheka. Mwingine, mama mwenye mtoto, akamvuta mwanawe nyuma ya sketi yake. Nyanjige aliona. Huona kila siku. Mjane anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, paka wawili. Mtaani hawakuhitaji ushahidi zaidi ya huo kumwita mchawi.

Akarudi kwa njia ya nyuma, kando ya ukuta wa ghala la pamba. Huko hakuna wa kumtazama.

Mwanamke alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa. Kichwa kimefungwa, uso hauonekani vizuri. Kitenge chake cha buluu kilikuwa na picha za feni, aina ambayo haiuzwi tena siku hizi. Alinuka moshi wa moto uliozimwa kwa maji.

"Mwadila," alinong'ona, akimsalimu.

"Mwadila, mayu."

"Unatafuta... cha kushonea."

Kutoka pale hadi dukani si karibu. Nyanjige hakulifikiria hilo kwa wakati ule. Alifikiria basi.

Mwanamke akachomoa sindano kwenye upindo wa kitenge, akamnyooshea kwa mkono wa kushoto. Sindano haipokelewi mkono kwa mkono. Huwekwa chini, mwenzako akaiokota. Nyanjige alifundishwa hivyo tangu alipoolewa. Lakini giza lilikuwa linaingia, na kwenye mchanga ule ingepotea.

Akaipokea mkononi.

Vidole vilivyogusa vyake vilikuwa vimelowa. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano.

"Nikurudishie wapi?"

"Nitaifuata... itakapokuwa."

Alipotembea hatua kama kumi aligeuka. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na beseni.

Nyumbani, paka hawakurudi kulala juu ya blanketi. Walikaa mlangoni bega kwa bega, wakitazama nje. Nyanjige aliwasha taa ya sola, akatunga uzi, akakata kiraka chekundu cha kona ya mwisho. Alishona mishono mitatu, minne... Shingo ikawa nzito.

Aliamshwa na jogoo.

Kiraka chekundu kilikuwa sakafuni.

Kona ya nne ilikuwa imeshonwa. Kwa kitambaa cha buluu, chenye picha za feni.

Akalisogeza karibu na dirisha. Mishono ilikuwa midogo, imebanana, yote imelalia kushoto. Aliujua mkono ule. Ndio uliomfundisha kushona.

Minza.

Minza alikuwa mke wa kwanza wa marehemu Luhende, mume wa Nyanjige. Hakuzaa. Alikuwa na paka, alikuwa na shoto, na alishona viraka kuanzia asubuhi hadi jioni. Nyanjige alipoletwa akiwa mke wa pili, msichana asiyejua hata kupika ugali wa watu wengi, Minza ndiye aliyempokea. Kisha watoto wawili wa kwanza wa Nyanjige wakafa kwa homa, ndani ya mwezi mmoja. Wazee wa ukoo wakakaa. Wakamtaja Minza. Kabla ya kumfukuza walimgeukia Nyanjige.

"Wewe mwenye watoto, unasemaje?"

Alijua kwamba Minza alikesha na watoto wale akiwakanda kwa maji ya vuguvugu. Alijua.

Alinyamaza.

Minza aliondoka jioni ile, beseni kichwani, kitenge cha buluu kiunoni, akishika njia ya Mwanhuzi. Wiki iliyofuata habari zikaja kwamba amechomwa moto njiani, na maji ya kuuzima yalichelewa. Alizikwa wapi, na nani, hakuna aliyeuliza. Paka wake alibaki. Karani na Mwenyekiti ni uzao wa paka huyo.

Nyanjige akaitafuta sindano. Mkekani haikuwepo. Chini ya kitanda haikuwepo. Ndipo akayakumbuka yale maneno ya jana. Akalipapasa blanketi kwa viganja, kiraka kwa kiraka, akaliminya. Katikati ya pamba, karibu na kona ya nne, kitu kikamchoma.

Alipapasa tena palepale. Hakikuwepo. Kikamchoma pengine.

Nitaifuata itakapokuwa.

Nje, honi ya basi ililia mara mbili. Nyanjige hakuinuka.

Saa nne Specioza akapiga.

"Mama, gari limefika. Danford anasema hukumpa mzigo."

"Nimekosea kona moja."

"Si ungeleta tu hivyohivyo! Mawifi zangu wameshaanza maneno yao."

"Mfunike kanga yangu, ile uliyoondoka nayo. Usimfunike kitu kingine kitakacholetwa na mtu. Umesikia? Mtu yeyote."

"Mama... unalia?"

"Moshi huu."

Siku ile hakupika. Jua lilipoanza kushuka alitoa vigoda viwili. Kimoja akakalia, kingine akakiweka mbele yake. Blanketi akalikunja magotini, kona ya nne juu. Mlango akauacha wazi.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Moshi wa moto uliozimwa kwa maji.

Karani akainuka. Mkia ukasimama wima. Akaenda hadi kizingitini akikoroma, akajisugua, akazunguka, akajisugua tena, kama paka anavyojisugua kwenye mguu wa mtu anayemjua.

Pale mlangoni hapakuwa na mguu.

"Karibu, dada," Nyanjige alisema.

Akakisukuma kigoda cha pili mbele kidogo.

"Nilijua. Nikanyamaza. Mtoto huyu hajui lolote... Nichukue mimi."

Kigoda cha pili kikalia kwa uzito.

Mwenyekiti akaruka juu hewani, akajikunja, akatulia. Hakuwa amelala juu ya kigoda. Alikuwa juu yake kwa kiasi cha mapaja ya mtu.

Magotini pa Nyanjige, kwenye kona ya nne, mshono mmoja ukafumuka taratibu. Kisha wa pili. Uzi ulikuwa unavutwa kuelekea kushoto, na ncha yake ya pili, aliposhusha macho kuitafuta, ilikuwa imeshapita kwenye ngozi ya kidole chake.